Nesi wa Kisukari Asihamishwe

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta kwamba takriban watu 9 katika kila 100 wenye umri wa miaka 25 hadi 64 nchini Tanzania walikuwa na kisukari. Daktari humwona mgonjwa wa kisukari dakika chache kwa mwezi. Siku zilizobaki ni mgonjwa na uamuzi wake: ugali kiasi gani, insulini iwekwe wapi katika nyumba isiyo na friji, afunge Ramadhani au asifunge, afanyeje sukari ikishuka usiku wa manane. Majibu yapo, lakini hayamo katika cheti cha dawa. Yanahitaji mtu wa kufundisha, kurudia, na kumvua mgonjwa viatu amkague nyayo kabla kidonda hakijatokea. Kazi hiyo ni ya muuguzi aliyesomea kisukari.

Huko Hlabisa, vijijini Afrika Kusini, wauguzi walipoongoza tiba na mafunzo, wastani wa kipimo cha sukari ya miezi mitatu (HbA1c) cha wagonjwa ulishuka kutoka zaidi ya asilimia 11 hadi chini ya 8 katika mwaka mmoja na nusu. Kufikia mwaka wa nne ulikuwa umepanda tena. Yupo atakayeona hapo ushahidi kwamba elimu haisaidii. Mimi naona kinyume: ilisaidia mno, ila inataka kurudiwa na mtu yuleyule anayemjua mgonjwa. Ndiyo maana inauma nesi anapopelekwa semina ya kisukari, kisha akapangiwa wodi ya wazazi.

Tutaambiwa wauguzi hawatoshi. Ni kweli, na uhaba huo haupunguzwi kwa kupoteza ujuzi tuliokwisha kuulipia. Mguu ukikatwa au figo zikifa, hospitali huhitaji wauguzi wengi zaidi. Tutaambiwa pia kwamba nesi si daktari. Lakini katika kliniki za CTC wauguzi wamekuwa nguzo ya huduma ya dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, nao huwaita madaktari pale wanapohitajika.

Kwa hiyo, ndugu wananchi, mkutano mkuu wa kijiji unaofuata tuupe ajenda hii, na wawakilishi wetu katika kamati ya kituo cha afya waifikishe halmashauri kabla bajeti haijafungwa: kila kituo cha afya kiwe na nesi mmoja wa kisukari, vipande vya kupimia sukari visikatike, na nesi huyo asihamishwe kabla hajamfundisha wa kumrithi. Wenye kisukari na jamaa zao waje kwa wingi, waseme wenyewe.