MAMBO YA NYUMBANI: Fyekeo Lisimalize Maua



Mke wa koplo mmoja ametuletea swali ambalo bila shaka linawagusa wengi wanaokaa katika nyumba za askari. Mboga yake ya maboga hutoa maua mengi, lakini vijiboga hunyauka na kudondoka vikiwa na ukubwa wa kidole gumba. Samadi ametia, maji amemwagilia. Je, kosa liko wapi?

Tulipomwuliza habari za uwanja wake, alijibu kwa fahari kwamba mumewe huufyeka kila Jumamosi hadi udongo uonekane, kwa kuwa mkaguzi hapendi kuona hata ua moja la mwitu. Huenda hapo ndipo penye kosa. Mmea wa boga una maua ya kiume na ya kike mbalimbali, nayo hufunguka alfajiri na kujifunga kabla ya adhuhuri. Katika muda huo mfupi, nyuki ndiye achukuaye chavua kutoka ua la kiume hadi la kike. Naye nyuki asiyepata chakula mahali siku nyingine hana sababu ya kupapitia asubuhi hiyo.

Hatusemi uwanja uachwe uwe msitu. Nyasi ndefu mlangoni huficha nyoka, na usafi ni heshima ya askari. Twasema tu kwamba fyekeo litumiwe kwa akili, hivi:

Kwanza, hatua 5 kuizunguka nyumba, pamoja na njia zote, pawe pafupi daima. Makopo yenye maji yamwagwe, maana mbu huzaliwa majini, si mauani.

Pili, kabla ya kufyeka, tembea uwanjani utazame maua yalipo. Yazungushie vijiti na kamba, kisha ufyeke ukingo ulionyooka. Mkaguzi akiuona ukingo huo atajua kuwa ni kazi ya makusudi, si uvivu.

Tatu, sehemu iliyobaki ikatwe kwa kimo cha upana wa kiganja, yaani karibu sentimita 8. Maua mafupi yatambaayo chini yatapona.

Nne, vipande vilivyoachwa vifyekwe mvua zikiisha, mbegu zikiwa zimekwisha dondoka. Nyasi zilizokatwa zikusanywe zikatandazwe migombani. Zikiachwa hapo zitasonga miche.

Lakini si kila ua listahililo huruma. Mashona nguo yakatwe kabla mbegu hazijakauka, la sivyo zitasafiri kwa soksi za bwana hadi shamba la maharage. Gugu karoti, lenye vijiua vyeupe, ling'olewe na mizizi yake kabla halijachanua, nawe uvae glavu, kwa maana huwasha ngozi na kusumbua kifua.

Wakati nyuki wangali wakingojwa, mama asikae bure. Asubuhi na mapema achume ua la kiume, lenye kikonyo chembamba kisicho na kijiboga. Aondoe petali, kisha aguse kwa chavua yake katikati ya ua la kike. Siku chache baadaye ataona kijiboga kikinenepa.

Naye koplo, siku ya ukaguzi, asijitetee kwa maneno mengi. Amwonyeshe mkubwa wake maua, kisha amwonyeshe boga.

Hadi juma lijalo, tunawatakia kazi njema.