Goma na Bukavu: Kupaka krepisaje juu ya ufa wa putre si kuitengeneza

Kisha volkano ya Nyiragongo kuripuka tarehe 22 Mei 2021, mitetemeko iliendelea siku kadhaa na nyumba nyingi za Goma zikabaki na nyufa. Bukavu nayo inajua mambo hayo tangu tetemeko la tarehe 3 Februari 2008. Nyufa za ukuta kila mtu anaziona. Zile za putre, boriti ya beto inayobeba dali ya etaje, mara nyingi zinafunikwa na krepisaje, rangi inapita juu, na lokatere mwingine anaingia.

Hapo ndipo hatari iko. Beto inavumilia kukandamizwa, lakini ikivutwa inapasuka. Vyuma vilivyo ndani ndivyo vinavumilia kuvutwa. Maji yakipita katika ufa, vyuma vinashika kutu. Kutu inachukua nafasi kubwa kushinda chuma chenyewe, inasukuma beto mpaka inabanduka. Krepisaje haigusi ugonjwa huo.

Nyufa hazilingani. Ufa wima, mwembamba kama unywele, katikati ya putre, unaweza kuwa wa kawaida. Ule unaopanda mshazari karibu na kolone ndio wa kuogopa, sababu putre inaweza kukatika gafula. Kwa kujua kama ufa unaendelea, mafundi wanabandika plasta juu yake na kuandika tarehe. Plasta ikipasuka, ufa ungali unapanuka.

Kuimarisha putre kwa kweli kunaanza na kushikiza dali kwa miti. Kisha beto mbovu inavunjwa mpaka vyuma vionekane, kutu inasuguliwa, vyuma vipya na etrie vinafungwa, na beto mpya inamwangwa kuzunguka putre. Miti haitolewi kesho yake: nguvu ya beto inahesabiwa kwa siku 28. Kuna pia vitambaa vya kaboni vinavyobandikwa kwa gundi, lakini ni vya bei kali, na juu ya beto iliyooza havishiki.

Kazi hiyo inaomba enjeniere, makuta, na pengine wakaaji kuhama kwa muda. Mwenye nyumba anahofia kukosa kodi, lokatere anahofia garanti yake, na wote wawili wananyamaza. Lakini anayelala chini ya dali ni lokatere. Mbele ya kutoa garanti, ana haki ya kuuliza: putre ilitengenezwa na nani, na vyuma viliongezwa, ao ni krepisaje tu?