TUPIME MIGUU KABLA YA KUPANGA TIMU

Muhula uliopita mlinzi wetu wa kutegemewa aliumia goti. Baada ya wiki sita alikuwa hachechemei tena. Kocha alipomwuliza, alijibu, "Niko sawa tu." Akapangwa. Haikufika dakika ya ishirini goti likamsaliti tena, na hadi leo anatazama mpira kutoka benchi. Je, lawama ni ya nani? Nasema ni yetu sote, kwa sababu tuliamini mdomo badala ya kupima mguu.

Hospitali kubwa zina mashine za kupima nguvu za misuli ya paja, lakini bei yake ni mamilioni ya shilingi. Shule ya kutwa itazitoa wapi? Ndipo mimi na mwenzangu tukaazima mizani ya dijitali ya kuning'iniza, ile ya kupimia mizigo, inayoishia kilo 50.

Kwanza tuliijaribu mizani yenyewe, maana mizani mbovu ni shahidi mwongo. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, basi tukaning'iniza mtungi wenye lita 20, mara tatu. Tulipotoa uzito wa mtungi, ilisema kweli. Halafu, kwa ruhusa ya mhudumu wake wa hospitali, tukamketisha yule mlinzi juu ya meza, goti limekunjwa nyuzi 90. Kifundo kikafungwa mkanda, mkanda kwa mizani, mizani kwa nguzo iliyo nyuma. Akasukuma mguu mbele kwa sekunde tano bila goti kusogea. Nguvu ya namna hii wataalamu huiita isometriki.

Siku ya kwanza tulichekwa! Namba ziliruka kama panzi: mara kilo 21, mara 30, mguu uleule. Kumbe meza ilikuwa ikisogea na mkanda ukipanda kwenye muundi. Kadiri mkanda unavyokaribia goti, ndivyo mizani inavyosoma kilo nyingi, kama tulivyofunzwa kuhusu wenzo katika Fizikia. Tulipoifunga meza na kutia alama ya mkanda, vipimo vitatu havikupishana hata kwa kilo mbili. Mguu mzima: kilo 36. Ulioumia: 24. Theluthi mbili tu! Ilhali wataalamu wengi wa viungo hutaka ufikie angalau asilimia 90 ya mwenzake kabla ya mtu kurudi uwanjani.

Najua wapo watakaosema mguu si gunia la viazi. Kweli. Mizani hii haipimi kasi wala namna mtu anavyotua akiruka, na haichukui nafasi ya daktari. Tena mwenye misuli mizito ataipita hiyo kilo 50. Lakini kati ya kipimo chenye kasoro na kukisia gizani, mimi nachagua kipimo.

Ombi langu ni dogo. Idara ya michezo inunue mizani moja, kila mchezaji apimwe miguu yote miwili mwanzoni mwa muhula, na namba ziandikwe daftarini. Nasi wachezaji tuache kusema "niko sawa" kwa kuogopa kukosa namba kikosini. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mwenzetu anaujenga sasa.

Mwanachama, Kidato cha Tatu