SHUKRANI YA MZAZI IWE DAMU, ISIWE NG'OMBE

Ndugu wafanya kazi wa Kitale na Bungoma,

Mwezi uliopita nilialikwa karamu upande wa Bungoma. Mtoto wa mwenzetu mmoja alipasuliwa moyo akapona, na baba yake akachinja ng'ombe kuwashukuru waliomchangia. Tulikula, tukaimba. Mtoto alisimamishwa mbele yetu na kovu lake kifuani, kisha akatoroka akacheze mpira na wenzake. Nilifurahi sana. Lakini nikirudi Kitale ndani ya matatu nilikuwa nikipiga hesabu ya ng'ombe yule, na ndiyo sababu naandika maneno haya.

Sisemi kwa wivu. Binti yangu mimi pia alipasuliwa moyo, na mimi pia nilichinja, mbuzi wawili, maana ng'ombe sikuwa naye. Basi mwenye kosa wa kwanza ni mimi.

Wengi wenu mnaijua njia yenyewe. Mtoto amezaliwa na tundu moyoni. Akinyonya hukosa pumzi, jasho linamtoka, hanenepi. Hospitali zetu za Kitale na Bungoma humwandikia barua ya kwenda Eldoret, Hospitali ya Rufaa ya Moi, ambako tangu 2015 kuna hospitali ya watoto ya Shoe4Africa, iliyojengwa kwa bidii ya mkimbiaji Toby Tanser na fedha za wachangaji wengi. Wengine hupelekwa mbali zaidi, Nairobi kwa Kenyatta au Mater, ama Tenwek huko Bomet. Mama hulala kitini kando ya kitanda. Baba anamaliza likizo yake ya mwaka, kwa kuwa Sheria ya Ajira ya 2007 inampa siku 21 za mapumziko, na siku nyingine akiugua yeye mwenyewe, lakini ya kumwuguza mtoto haimpi hata moja. (Katibu wetu alitie jambo hili katika madai yajayo kwa matajiri. Nimemwambia kwa mdomo mara tatu. Sasa namwambia kwa karatasi.)

Binti yangu aliahirishwa mara mbili. Hospitali siitaji. Daktari alikuwapo, mashine ilikuwapo, damu ndiyo haikuwapo. Wakati wa kupasua, mashine huchukua kazi ya moyo na mapafu mpaka daktari amalize kuziba tundu, na kazi hiyo haianzwi bila damu ya akiba. Nikapiga simu nyumbani. Watu kumi na mmoja wakaniahidi. Waliofika ni watatu, na mmoja akarudishwa kwa kuwa hakutimiza kilo 50. Ndugu zangu, waliokuja kula mbuzi wangu baadaye walipita sitini.

Siwalaumu. Hawakuwa na nauli, na wengine waliogopa. Mimi mwenyewe niliogopa mpaka siku ile. Lakini tazameni jinsi jambo lenyewe lilivyo dogo: mtu mzima mwenye afya hutoa kama mililita 450, anakunywa soda, anakwenda zake. Mwanamume aweza kurudi baada ya miezi mitatu, mwanamke baada ya minne. Na damu haiwekwi kama mahindi ghalani. Katika jokofu hudumu siku 35 hivi, halafu hutupwa. Kwa hiyo watu mia kutoa siku moja kwa shangwe, kisha kunyamaza mwaka mzima, haifai. Yafaa watu wachache kila mwezi, kwa zamu, kama tunavyofanya zamu kazini.

Nani awaongoze? Wazazi ambao watoto wao walipona. Mimi nikimwambia mtu atoe damu, anacheka. Akiambiwa na mama aliyemshika mkono mtoto mwenye kovu lile, atajibu nini?

Tena wazazi hao wanayo mali nyingine wasiyoihesabu, nayo ni kuijua njia. Wanajua dirisha gani huanza foleni, karatasi gani husahauliwa, wapi mama atapata kitanda cha bei rahisi, na maneno ya daktari yana maana gani. Mtu mmoja wa kunisindikiza siku ya kwanza angeniokolea siku mbili na machozi ya mke wangu. Hilo halihitaji ng'ombe.

Hata habari ya koo waieleze. Si kila moyo huharibika tumboni mwa mama. Mtoto wa shule huumwa koo, haponywi vizuri, kisha hufuata homa ya baridi yabisi inayokula milango ya moyo. Koo lile lingetibiwa kwa penisilini. Moyo ukishaguswa, ni sindano kila wiki tatu au nne, miaka mingi.

Najua watakaonijibu: tunakatwa tayari! Ni kweli. Tangu Oktoba 2024 tunakatwa shilingi 2.75 katika kila mia ya mshahara kwa SHA, na huko nyuma tulikatwa kwa NHIF tangu 1966. Serikali na ifanye kazi tuliyoilipia, nasi tusiache kuidai. Kadhalika nawasifu watu wa zile mbio za Mater, ambao tangu miaka ya 1990 wananunua fulana na kukimbia ili watoto wa maskini wapasuliwe. Lakini fulana haina damu ndani yake, wala makato hayana.

Neno moja nalisema kwa uzito. Shukrani isigeuzwe kodi. Wako waliouza shamba na bado wana deni. Hao wapumzike kwanza. Na wako waliorudi kutoka Eldoret na jeneza. Mtu asiwaendee hao na daftari. Wakija wenyewe, wapewe kiti.

Daftari nimekwisha kulinunua. Liko kwa karani wa tawi, Kitale, na ndugu wa Bungoma wakitaka lao nitawaletea. Jina la kwanza ni langu, kundi O. La pili ni la baba yule aliyechinja ng'ombe. Nilimpigia simu jana usiku, na yeye atoa Jumamosi ijayo.

Mimi wenu katika Chama,
Mwanachama wa Kitale