Mtundu wa Jana, Mwenye Jitimai wa Leo

Jua linapotua, mabarobaro wa Likoni huteremka Shelly Beach, wakakaa juu ya miamba wakitazama meli ziingiazo Kilindini. Wengi wao wapunga upepo tu, na hilo halina neno. Lakini wamo miongoni mwao ambao mama zao nyumbani hawajui tena wafanye nini nao. Tupige mfano wa barobaro wa miaka ishirini na tatu, aliyeanza kazi nne akaziacha zote, asiyelala usiku, asiyekula pamoja na watu, na ambaye akiulizwa ana nini, hujibu kwamba hana kitu. Mtaani ameshapewa jina: mvivu. Na akiulizwa mwalimu wake wa chuo alikuwaje utotoni, jawabu huwa ni lile lile: mtundu, hatulii, kupigwa amepigwa, lakini wapi!

Twataka kusema leo kwamba majina hayo mawili, mtundu na mvivu, mara nyingi humfunika mtu mmoja mwenye maradhi mawili. Na kwamba maradhi hayo yana ujamaa baina yao, wala hayatibiki vyema ikiwa moja litatazamwa na la pili kusahauliwa.

La kwanza madaktari huliita ADHD, herufi za Kiingereza zenye maana ya upungufu wa makini na kutotulia. La pili ni huzuni iliyopita mpaka, ikawa ugonjwa. Na hapa wapenzi wa lugha watusamehe tukisimama kidogo, maana Kiswahili chenyewe chatufichulia jambo. Katika mlango wa huzuni sisi si maskini hata chembe. Tuna majonzi, tuna simanzi, tuna ghamu, tuna kihoro cha aliyepotelewa, tuna jitimai. Na wenzetu wa Tanzania hupenda kutumia neno sonona kwa ile huzuni ya kidaktari. Lakini kwa mtoto ambaye akili yake hairuki ukuta ila hukimbia kila mlango ulio wazi, tuna nini? Mtundu. Mtukutu. Kichwa maji. Hamnazo. Yote ni matusi, hakuna hata moja lililo jina la ugonjwa. Mtu aliyelelewa ndani ya maneno hayo kwa miaka kumi na mitano, hata angekuwa na moyo wa chuma, siku moja atayaamini.

Wako wasomaji watakaosema kwamba haya ni maradhi ya Wazungu, yaliyozuliwa juzi ili vidonge viuzwe. Si kweli. Mwaka 1902 daktari wa watoto, George Still, alisimama mbele ya madaktari wenzake mjini London akawaeleza habari za watoto wenye akili timamu lakini wasioweza kujizuia wala kushika jambo. Ama kuhusu huzuni, hatuna haja ya kwenda London. Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni wa Balkh aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu kizima juu ya maslahi ya miili na ya nafsi, na ndani yake akaitenga huzuni yenye sababu ijulikanayo, kama ya kufiwa au kupotewa na mali, na huzuni imjiayo mtu pasi na sababu aionayo, ambayo asili yake aliitafuta mwilini. Kitabu hicho kina umri wa zaidi ya miaka elfu moja, na kimeandikwa na Mwislamu. Vipi basi sisi leo tuone haya kumpeleka kijana kwa daktari wa akili?

Sasa tuutazame ujamaa wenyewe. ADHD si malezi mabaya. Uchunguzi wa mapacha umeonyesha kwamba sehemu kubwa yake, yapata robo tatu, hutokana na urithi. Kwa hivyo baba anayemtandika mwanawe kwa kutotulia, huenda yeye mwenyewe alikuwa hivyo hivyo. Ulimwenguni hukisiwa kwamba watoto watano katika kila mia wanayo, na kwamba wengi wao huendelea nayo ukubwani, isipokuwa sura hubadilika: kule kukimbia na kuparamia kwapungua, na kunabaki kusahau, kuchelewa, kuanza bila kumaliza, na kufanya jambo kabla ya kulifikiri. Miongoni mwa watu wazima wenye ADHD, chunguzi mbalimbali zimekuta kwamba kuanzia mmoja katika watano hadi karibu nusu yao huangukia katika huzuni ya ugonjwa wakati fulani wa maisha yao.

Kwa nini? Sababu moja ni damu: wachunguzi wa urithi wameona kwamba chembe nyingi zinazomwelekeza mtu kwenye ADHD ndizo zinazomwelekeza kwenye huzuni. Sababu ya pili haihitaji maabara. Mtoto huyu hutukanwa asubuhi nyumbani kwa kusahau kiatu, hutukanwa skuli kwa kutomaliza hesabu, na alasiri hupata bakora chuoni kwa kuisahau aya aliyoihifadhi jana. Yeye mwenyewe aona kwamba wenzake waweza, naye hawezi, wala hajui kwa nini. Akifika ukubwani, kazi zamponyoka, mchumba amchoka, deni lamganda. Huzuni hapo haikutoka mbinguni. Imejengwa tofali baada ya tofali, na wajenzi ni sisi.

Kiboko kilipigwa marufuku katika skuli za Kenya mwaka 2001, na Katiba ya mwaka 2010 ikamkinga kila mtu na adhabu za ukatili. Lakini katika baadhi ya vyuo vyetu bakora ingali yaning'inia ukutani. Hatusemi hivi kwa kuwadharau walimu wa chuo, kwani mwandishi wa safu hii ni mtoto wa chuo na alichonacho katika lugha alikipata huko kwanza. Twasema kwamba mtoto wa namna hii hafundishiki kwa fimbo, kama vile asiyeona mbali hafundishiki kusoma ubao kwa fimbo. Aya tatu tatu badala ya kumi, kukaa mbele karibu na mwalimu, kuruhusiwa kusimama na kutembea kidogo baada ya muda mchache, kusifiwa anapopatia: hayo ndiyo yafaayo, na ndiyo wanayoyashauri madaktari kabla hata ya kuzungumzia vidonge.

Na tusiwasahau mabinti. Wao aghalabu hawaparamii miti. Hukaa kimya wakitazama dirishani, mwalimu akawaona ni watoto wazuri wasio na akili nyingi. Ugonjwa wao haugunduliwi, na mara nyingi huzuni ndiyo itokayo kwanza, wakiwa wameshaolewa na wana watoto, na majirani waanza kunong'ona kwamba mke wa fulani hajui kuweka nyumba.

Majirani hao hao ndio watakaosema kwamba ni jini, au kijicho. Familia itakwenda kwa mwalimu, itaandikiwa kombe, itasomewa. Nasi hatutamkataza mtu kisomo. Dua ni silaha ya Mwislamu, na mgonjwa wa huzuni hunufaika sana kwa kukaa na watu wamsomeao kwa upole. Lakini Mtume (S.A.W.) mwenyewe, mabedui walipomwuliza kama wajitibu, aliwaamrisha wajitibu, akawafahamisha kwamba Mwenyezi Mungu hakuweka ugonjwa ila ameuwekea na dawa. Kombe na hospitali havigombani. Anayeyagombanisha ni yule mganga amwambiaye mama asimpeleke mwanawe kwa daktari mpaka amalize siku arubaini, na huku kijana adidimia.

Lipo na la muguka. Mwezi wa Mei mwaka 2024 serikali ya kaunti ya Mombasa ilitoa amri ya kuupiga marufuku, mahakama ikaisimamisha, na kelele zikawa kubwa. Katika kelele zote hizo halikuulizwa swali moja: ni vijana gani hasa washikwao na muguka wasiweze kuuacha? Ndani ya muguka na miraa mna kathinoni, kitu kilicho jamaa ya amfetamini, na amfetamini ni katika jamii ya dawa ambazo hospitali huwapa wagonjwa wa ADHD kwa kipimo. Haishangazi basi ikiwa kijana asiyetulia aona kwamba akitafuna, akili yakusanyika kwa muda. Lakini muguka hauna kipimo wala daktari. Usingizi wakimbia, na ukimtoka mtu humwacha na unyonge mzito kuliko ule aliokuwa nao. Inajulikana pia kwamba wenye ADHD isiyotibiwa huangukia katika ulevi na madawa ya kulevya zaidi ya wenzao. Pwani yetu iliyozika vijana wengi kwa unga yapasa kulitia hilo akilini.

Twende kwenye tiba. Huzuni hutibiwa kwa mazungumzo na mtaalamu, yaani mgonjwa kufundishwa kuzikamata fikira zake mbaya na kuzipima, na hutibiwa kwa vidonge kama fluoksetini, ambavyo ni vya siku nyingi na vimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Vidonge hivyo havifanyi kazi siku ya pili. Huchukua majuma kadhaa, na wengi huviacha katika juma la kwanza wakisema havina maana. ADHD nayo ina dawa yake mashuhuri, methilifenideti, iliyotengenezwa mwaka 1944 na kuuzwa tangu 1954 kwa jina la Ritalin. Hiyo hufanya kazi siku hiyo hiyo. Ila ni dawa ya kulindwa, imo katika mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1971, haitolewi bila ya daktari, na Shirika la Afya Duniani lilikataa kuiingiza katika orodha yake mwaka 2019 na tena 2021, kwa kuona ushahidi hautoshi. Kukataa huko twakuona ni hasara kwa nchi maskini, maana dawa isiyo katika orodha hiyo ni nadra kuikuta katika hospitali ya umma. Mwenye pesa ataipata, na mwana wa mvuvi wa Mtongwe atabaki na bakora.

Je, lipi litibiwe kwanza? Kanuni ya madaktari ni hii: ikiwa huzuni ni kali, mtu hali, halali, ataka kufa, basi huzuni ndiyo ya kwanza, bila ya kungoja. Ikiwa huzuni si kali na yaonekana wazi kwamba imezaliwa na mahangaiko ya ADHD, basi wengi huanza na ADHD, na mara nyingine huzuni hupungua yenyewe mtu aanzapo kumaliza kazi zake. Huko Sweden wachunguzi waliwafuatilia wagonjwa wa ADHD zaidi ya 38,000, na mwaka 2016 wakaeleza kwamba waliotumia dawa ya ADHD walipatwa na huzuni kwa uchache zaidi miaka mitatu baadaye kuliko wasioitumia. Hiyo haithibitishi kila kitu, lakini si habari ndogo. Dawa hizi pia zina madhara: hupunguza hamu ya chakula na usingizi, huharakisha moyo, na baadhi ya dawa za huzuni, pamoja na atomoksetini ya ADHD, huhitaji kijana aangaliwe sana mwanzoni asije akazidiwa na fikira za kujidhuru. Na mwezi wa Ramadhani usifike mtu akajipangia mwenyewe; vipo vidonge vinywewavyo mara moja kwa siku, na daktari akiulizwa mapema aweza kupanga vinywewe wakati wa daku.

Neno la kujidhuru tumelitaja, na hatutalipita. Kwa miaka mingi kifungu cha 226 cha sheria ya jinai kilimfanya aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu, naye akitoka hospitali akingojwa na polisi. Familia zikaficha. Tarehe 9 Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu hicho kinapingana na Katiba. Maimamu wetu walitangaze hilo misikitini, si kwa kuhalalisha kitendo, ambacho hukumu yake katika dini yajulikana, bali ili mzazi asiogope tena kumkimbiza mwanawe hospitali usiku wa manane.

Hospitali yenyewe ya maradhi ya akili iko Port Reitz, Changamwe. Kwa mtu wa Shelly Beach asiye na gari, hiyo ni matatu, na feri, na matatu tena, na ukiwa na mgonjwa asiyetaka kutoka kitandani, feri peke yake ni kazi ya mchana. Twaitaka kaunti imlete daktari wa akili, au muuguzi aliyesomea kazi hiyo, katika hospitali ya Likoni kwa siku maalumu za juma zijulikanazo na watu. Na kila kijana aletwaye kwa huzuni aulizwe alikuwaje akiwa na miaka saba, minane, kumi. Maana ADHD haianzi ukubwani, na wataalamu hutaka dalili ziwe zimeonekana kabla ya miaka kumi na miwili. Swali hilo halina gharama yoyote.

Mama aendaye asiende mikono mitupu. Aandike, au aandikiwe na mtoto mwingine, mambo aliyoyaona: tangu lini halali, alipoteza nini na mara ngapi, kazi gani aliacha na kwa nini, anatafuna nini, nani katika ukoo wa baba au wa mama alikuwa vivyo hivyo. Amwombe mwalimu wa chuo aliyemsomesha aandike mistari miwili mitatu juu ya utoto wake, bila ya matusi. Na ripoti za skuli za darasa la kwanza hadi la nne, ikiwa panya hawajazila, azichukue pia.