Jenerali wa Taifa Stars
Mwandishi anapopima kazi ya kiungo, yaani mchezaji anayeunganisha ulinzi na ushambuliaji, kwa mabao pekee, anapotoka, ingawa hata kwa kipimo hicho Juma Mkambi wa Yanga, aliyeitwa Jenerali, hakustahili kusahauliwa, kwani ndiye aliyeifungia Taifa Stars, timu ya taifa ya Tanzania, bao lake la kwanza katika fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika, ilipolala 3-1 mbele ya wenyeji Nigeria mjini Lagos mwaka 1980, ikiwa chini ya kocha kutoka Poland, Slawomir Wolk. Wanaodai ushahidi wa picha wa mchango wake wakumbuke kwamba wakati huo Tanzania Bara haikuwa na televisheni, na kwa msikilizaji wa Ipole, zinakoachana barabara za Mpanda na Mbeya, kiungo alikuwa jina tu redioni, tena lililotajwa mara chache kuliko la mfungaji.