Udaktari Hauombwi kwa Insha

Mwandishi aliyedai kwamba watoto wa Migori na Homa Bay hukosa nafasi za udaktari kwa kutojua kujinadi alikuwa akiwaza Boston, si Rongo. Harvard husoma insha na kuita watu kwenye mahojiano. KUCCPS, inayogawa nafasi za vyuo vyetu, haisomi insha ya mtu. Hupiga hesabu: baiolojia, kemia, hisabati au fizikia, Kiingereza au Kiswahili, kisha jumla ya alama za KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari. Kilele cha hesabu hiyo ni 48. Mtoto ajinadi kwa nani, kwa kompyuta?

Kinachowakwamisha ni alama zenyewe. Tuseme kemia. Nimewahi kusimama katika maabara ya shule moja ya kutwa karibu na ziwa, wanafunzi sita wameizunguka bureti moja. Mmoja anafungua koki. Watano wananakili anachosoma. Siku ya mtihani kila mmoja atapewa yake, na hao watano wataishika kwa mara ya kwanza.

Jambo moja namkubalia mwandishi huyo: kupanga machaguo ya kozi na vyuo ni ujuzi. Wengi humwachia mhudumu wa saiba. Aliyepata A- anajaza Nairobi asiangalie alama za mwisho za mwaka uliopita, nazo zimo mumo humo kwenye tovuti ya KUCCPS, wala asikumbuke Maseno, jirani yake, inayofundisha udaktari. Ujuzi huo (nimewafunza vijana wa kwetu) hufunzwa alasiri moja. Bureti tano zaidi zinataka pesa, na pesa hizo hakuzitaja popote.